Mgombea udiwani, usiahidi maji kabla hujajua nani anayeyatoa

Mgombea akisimama kijijini mwezi Oktoba na kutangaza "mkinichagua maji yatatoka", watu watapiga makofi. Nilikuwa nikiyasikia makofi hayo kijiji kwa kijiji mwaka 2020, nilipokuwa meneja wa kampeni wa dada yangu aliyegombea udiwani katika kata moja ya vijijini wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Tangu hapo vijana na akina mama wanaotaka kugombea hunifuata kuniuliza wiki ya kampeni inapangwaje, jukwaani aseme nini, pesa zitoke wapi. Ninachowaambia ni kwamba kila kero ya kijiji ina ofisi inayohusika nayo na kikao kinachoweza kuisukuma, na mgombea wa udiwani ana wiki chache za kuijua ofisi hiyo na kikao hicho kabla hajafungua mdomo kuahidi.

Wiki yenyewe kwanza. Ratiba ya mikutano unaipeleka kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata, naye anazioanisha ratiba za vyama vyote ili msigongane kijiji kimoja siku moja, polisi wanapata nakala. Mikutano ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Hayo yameandikwa na utayasoma. Ambalo halijaandikwa ni kwamba kwetu Ugogo wiki inaendeshwa na mnada, Ijumaa, Jumapili na misiba, na ratiba ya chama isiyojali hayo itakukutanisha na viti vitupu.

Kampeni za uchaguzi mkuu zinaangukia kilele cha kiangazi. Mvua kwetu ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo Septemba na Oktoba watu wako mashambani wanasafisha: wanang'oa visiki, wanakusanya mabua. Wanawake wako kwenye maji. Ukiitisha mkutano saa 4 asubuhi utahutubia wazee wawili watatu na watoto waliofuata spika. Sisi mikutano tuliiweka saa 9 au saa 10 alasiri, na asubuhi yote tuliitumia kwenda watu waliko: mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, foleni ya zahanati, bombani. Siku ya mnada hatukufunga spika kabisa. Mtu aliyeswaga mbuzi wake tangu alfajiri anataka kujua bei, hataki hotuba. Unapita, unasalimia, unakaa kwenye benchi la nyama choma na kusikiliza watu wanalalamikia nini. Kwenye msiba ndiyo kabisa: fulana ya chama ibaki kwenye gari, unakaa mkekani kama mwanakijiji mwingine, unatoa rambirambi unaondoka. Na nyumba za ibada siyo mahali pa kuombea kura, hata mchungaji au shehe akikupa nafasi ya kusema "neno kidogo".

Sasa nirudi kwenye maji, maana ndiyo kero iliyotutangulia kila tulikokwenda.

Kijiji kimoja tulifika kwenye kituo cha maji kama saa 3 asubuhi. Madumu ya njano yalikuwa yamepangwa mstari mrefu kuelekea kwenye bomba lisilotoa kitu, kila dumu na alama ya mwenyewe: kipande cha kanga kwenye mpini, jiwe juu ya mfuniko, herufi mbili za rangi ya kucha. Wenyewe walikuwa kivulini, wanasubiri kijana aliyekwenda kuleta maji ya korongoni kwa punda. Dada akawasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akamwamkia mama mtu mzima aliyekuwa karibu, akakaa chini.

"Pampu hii mwanangu ilikufa tangu tunavuna uwele," yule mama akasema. "Kila anayekuja anatuambia atatuchimbia kisima."

"Ilipokuwa inafanya kazi mlikuwa mnalipa ndoo shilingi ngapi, mama?"

"Hamsini."

"Na hizo hamsini anakusanya nani?"

Wakatazamana. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea baiskeli ndiye aliyejibu, "Kamati. Lakini mapato hayajasomwa tangu mwaka juzi."

Pale kisima kilikuwepo, kimechimbwa, kina maji. Kilichokosekana ni pesa za kutengenezea pampu, ambazo wananchi walikuwa wameshazitoa hamsini hamsini, na hapakuwa na mtu aliyewaambia ziko wapi. Mgombea mwingine alikuwa amepita siku chache nyuma akaahidi kisima kipya. Kisima kipya kinahitaji upimaji wa kitaalamu, kibali cha bodi ya maji ya bonde, fungu la bajeti, na ukanda huu wetu unaweza kuchimba ukakuta maji ya chumvi au ukakuta pakavu. Diwani hana hata kimoja cha hivyo mkononi.

Alasiri jukwaani dada aliwaambia hivi: kisima kipya siahidi. Ninachosema ni kwamba mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila robo mwaka na mapato na matumizi yasomwe, na nyinyi mna haki ya kuudai hata mimi nisiposhinda. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa kwa sheria ya 2019, na ofisi yao iko wilayani. Mwombeni mtendaji wa kijiji aandike barua leo, aeleze pampu ilikufa lini na akaunti ina kiasi gani. Nikiwa diwani nitaibeba barua hiyo mpaka kwenye kamati ya halmashauri inayosimamia maji na nitarudi kuwaambia nimejibiwa nini.

Makofi yalikuwa machache kuliko ya kijiji tulichotoka. Maswali ndiyo yaliyokuwa mengi, na wanawake waliuliza kuliko wanaume, jambo ambalo kwenye mikutano yetu halikuwa la kawaida. Tangu siku hiyo tuliacha kabisa kupanga hotuba kwa ahadi.

Kwa hiyo kabla hujachukua fomu, jifunze milango. Ukiwa ndani ya Jiji la Dodoma maji ni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, vijijini kwetu ni RUWASA, na katikati yao na bomba lako kuna chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ambacho wajumbe wake ni majirani zako. Barabara ya kwenda kijijini inayokatika kila masika ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ile kuu ya mkoa ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Kumlaumu mtendaji wa kata kwa barabara ya TANROADS ni kuwapotezea watu muda. Ndege aina ya kwelea kwelea wakivamia mtama, taarifa inapanda kupitia afisa ugani hadi halmashauri na Wizara ya Kilimo, ndiko inakotoka ndege ya kunyunyizia dawa, na taarifa inayochelewa inakuta mtama umeshaliwa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, inaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na vikundi vingi hukwama kwenye usajili na kuandika mradi. Hapo mgombea anaweza kusaidia hata kabla ya kura, kwa kueleza utaratibu tu.

Kuna moja linaloniuma zaidi. Karibu kila kata ya vijijini utakuta boma la zahanati au la nyumba ya mganga. Wananchi walisomba mchanga na mawe, wakachanga matofali, likafika lenta, likaishia hapo. Miti inaota ndani. Wajawazito wanaendelea kupanda bodaboda kwenda kata ya pili. Ukifika kijiji cha namna hiyo usiseme "nitajenga zahanati", maana waliojenga wako mbele yako na mikono yao ina sugu. Uliza boma lilianza mwaka gani, liliingizwa kwenye mpango wa halmashauri au halikuingizwa, muhtasari wa kikao kilichoamua ujenzi uko kwa nani. Boma ambalo halimo kwenye mpango halipati fedha za umaliziaji, hata diwani apige kelele vipi. Kazi ya kuliingiza inaanzia kwenye vikao vya kijiji, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata, ndiyo inafika Baraza la Madiwani. Hapo udiwani una nguvu kweli, na wagombea wengi huipita nguvu hiyo wakikimbilia kuahidi mambo ya waziri.

Na uwe mkweli kuhusu muda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukichaguliwa Oktoba, bajeti inayotumika ilishapitishwa na madiwani waliokutangulia. Utakula kiapo, na papo hapo maandalizi ya bajeti inayofuata yanakuwa yameanza. Usipokuwa na orodha ya kata yako tayari, yenye vipaumbele vilivyojadiliwa, utapitwa, na kitu chako cha kwanza kitasubiri Julai ya mwaka wa pili. Waambie wananchi hivyo hivyo. Wanaelewa, ni wakulima, wanajua kilichopandwa Desemba hakivunwi Januari.

Pesa. Vijana watakuomba "ya maji", wazee watakuomba sukari, na kuna mpambe atakayekushauri ugawe kanga usiku. Kataa. Zamani hili liliitwa takrima na liliruhusiwa kisheria mpaka Mahakama Kuu ilipolifuta mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 nayo ikaja kubana gharama na zawadi. Zaidi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, fikiria familia yako. Nimeona watu wakiuza ng'ombe na shamba la zabibu kwa ajili ya kampeni ya udiwani, na posho ya diwani hairudishi shamba. Gharama zetu kubwa zilikuwa mafuta ya pikipiki, kukodi spika na jenereta, na chakula cha timu, ambacho mara nyingi kilikuwa ugali wa mtama na mlenda kwa shangazi yetu. Anayeomba tulimjibu kwa upole: "Babu, nikikupa leo, kesho utashindwa kunidai barabara." Wengine walinuna. Wengi walicheka wakakaa kusikiliza.

Kwa akina mama mnaotaka kugombea kata, mtaulizwa kama tulivyoulizwa sisi kila kijiji: "Si kuna viti maalumu?" Jibuni bila hasira. Viti maalumu ni utaratibu mzuri, ila kata ni ya wote, na anayejua foleni ya maji inaanza saa ngapi ana sababu nzuri kuliko nyingi za kukalia kiti hicho. Msiende mikutano ya jioni peke yenu, muwe na ndugu wa kuwasindikiza, na mgawane kazi za nyumbani kabla kampeni hazijaanza. Shemeji yangu alibaki na watoto wiki zote zile, na bila yeye tusingefika popote.

Wiki ya mwisho punguza mikutano, shughulika na mawakala, yaani watu wako wa kulinda kura vituoni. Wakala lazima ale kiapo na awe na barua ya utambulisho, na kasoro ndogo kwenye karatasi inatosha kumzuia mlangoni. Chagua watu wanaosoma vizuri, wasiokunywa, na wanaoweza kukaa kituoni tangu kabla ya saa 1 asubuhi kinapofunguliwa mpaka kura zimehesabiwa usiku. Wafundishe fomu ya matokeo ya udiwani: kila mmoja aisome kabla ya kusaini, adai nakala yake, na ailinganishe na ile inayobandikwa nje ya kituo. Mpe chakula chake na tochi. Mwambie wapi atalala.

Katika siku zote hizo kuwe na daftari moja, na mtu mmoja wa kuliandika. La kwetu lilikuwa na mistari mitano kwa kila kero: kijiji na kitongoji, tatizo lenyewe kwa maneno ya mwananchi, ofisi inayohusika, nini kimeshafanyika, nani kijijini ana karatasi. Nambari za simu tulizichukua kwa ridhaa ya mwenyewe tu.

Dada hakushinda. Baada ya matokeo alipumzika kidogo, kisha tukaketi tukanakili daftari lote upya kwa mwandiko unaosomeka. Nakala moja tulimpelekea diwani aliyeshinda, ambaye tulikuwa tumepishana naye jukwaani kwa wiki nzima nzima, na akaipokea kwa heshima. Ya pili tulimpa mtendaji wa kata. Hii ya pili msiiache, kwa sababu mtendaji ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndiye anayeandaa ajenda, na kero iliyoko kwenye karatasi mezani kwake ina nafasi ya kusomwa kikaoni kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa. Ukimpelekea, mwombe asaini kwenye kitabu chako kwamba amepokea, na uandike tarehe.