Kansa ya ini na sukari: kabla hamjamkatia mzee chakula

Mkuu, pole sana na kuuguza. Umeuliza mambo mawili: kama ni kweli kwamba mkimkatia mzee wako wanga na sukari, uvimbe wa ini utakufa njaa, kama jirani yenu alivyowashauri, na kama njaa hiyo itazisaidia dripu za kuamsha kinga ambazo daktari amezitaja. Mimi ni mtu wa maabara, na baba yangu mdogo nilimuuguza kwa ugonjwa huu huu mpaka mwisho. Nitaandika kwa urefu, maana suala hili la chakula nimeona linavyowaumiza wagonjwa.

Jirani yenu hakuokota maneno hewani. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba uvimbe hufyonza glukosi kwa wingi na kuigeuza asidi ya laktiki, hata pale ambapo oksijeni ipo. Kwenye ini jambo hili liko wazi zaidi. Seli nzima ya ini hutumia kimeng'enya kiitwacho glukokinesi, ambacho huchukua sukari nyingi pale tu inapokuwa nyingi kwenye damu. Seli ikishakuwa kansa, mara nyingi hukizima hicho na kuwasha heksokinesi 2, ambayo hunasa glukosi hata ikiwa kidogo. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida ni mkali, hukua haraka, na wenye nao huishi muda mfupi zaidi.

Sasa angalia hapo: hata ikiwa kidogo. Mzee akishinda njaa, mwili unavunja misuli yake mwenyewe kutengeneza glukosi, na uvimbe unaendelea kupata fungu lake. Anayekonda ni mzee. Tena si kila uvimbe wa ini una uchu wa sukari. Kipimo cha PET, ambacho hutumia glukosi yenye mionzi kuusaka uvimbe, hupitwa na karibu nusu ya kansa zinazoanzia kwenye ini, kwa sababu hazing'ai. Nyingine hutegemea zaidi mafuta, nyingine glutamini, ambayo ni kijenzi cha protini. Huwezi kuzifungia zote mlango kwa kuondoa ugali mezani.

Halafu kuna ini lenyewe. Wagonjwa wengi wa kansa hii wana ini lenye makovu, yaani sirosisi, na ini hilo haliweki akiba ya sukari ya kutosha. Akilala usiku mmoja bila kula, asubuhi mwili wake uko kwenye hali ya mtu mwenye afya aliyekaa siku mbili tatu bila chakula. Alfajiri moja mama mdogo alinipigia simu: shuka zimelowa jasho, mzee anaongea vitu visivyoeleweka, ndugu wanasema ugonjwa umepanda kichwani. Nilimtoboa kidole, mashine ikasoma sukari 2.3 mmol/L, yaani chini mno. Alikuwa ameachishwa wanga wote na mtu wa ushauri kama wa jirani yenu. Kwa kuwa aliweza kumeza tulimpa maji ya glukosi kidogo kidogo, tukakimbia hospitali, wakamtundikia dripu ya dekstrosi, na kabla jua halijapanda akawa anatuita kwa majina. Uvimbe wa ini wenyewe unaweza kushusha sukari ya damu, kwa kuila na wakati mwingine kwa kutoa homoni inayofanya kazi kama insulini. Ukiongeza njaa juu ya hapo unamweka mgonjwa pabaya.

Mtaalamu wa lishe alitupangia uji wa ulezi wenye maziwa kabla ya kulala, kila usiku bila kukosa, na mchana mayai, samaki, maharage, chakula kidogo mara nyingi. Protini inayoshauriwa kwa wenye sirosisi ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Chumvi ipunguzwe kama maji yanajaa tumboni. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, kwa sababu sumukuvu ni mojawapo ya vitu vinavyoleta kansa hii huku kwetu. Sisemi anyweshwe soda, na kama ana kisukari afuate dawa zake. Nasema ale.

Kuhusu dripu. Zenyewe haziuui uvimbe moja kwa moja. Zinaondoa kizuizi ambacho uvimbe umewawekea askari wa mwili, seli T, ili zifanye kazi yake. Tatizo ni kwamba seli T na uvimbe wanakula sinia moja. Nazo zinahitaji glukosi ili zipigane, na uvimbe wenye pupa unaimaliza, kisha unamwaga asidi ya laktiki inayozidhoofisha. Kibaya zaidi, zipo seli za kinga ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine, na hizo zinaweza kuishi kwenye asidi hiyo vizuri tu. Kwa hiyo ukimnyima mzee chakula huzipi seli T nafasi yoyote. Na waliopoteza misuli mingi huwa na matokeo mabaya zaidi, hata wakiwa kwenye tiba hizi.

Mchanganyiko wa atezolizumab, mojawapo ya dripu hizo, na bevacizumab ulifaa kuliko dawa ya zamani, sorafenib: kwenye utafiti wa IMbrave150 nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 19.2, dhidi ya 13.4. Bevacizumab inapunguza ile mishipa ovyo ya damu ambayo uvimbe huiotesha, na hiyo husaidia seli T kupenya. Lakini uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa takriban watu 3 katika 10 tu. Uvimbe wenye hitilafu kwenye jeni la beta-katenini, kwa mfano, mara nyingi hauna seli T ndani. Kuna pia utafiti wa 2021 ulioonyesha kwamba kansa iliyotokana na ini lenye mafuta huitikia hafifu kuliko iliyotokana na virusi, ingawa hilo bado linabishaniwa na si sababu ya kumnyima mtu tiba.

Kabla hamjauza shamba, maana bei yake ni ya kutisha, muulizeni daktari mzee yuko Child-Pugh gani, yaani daraja la uwezo wa ini, A hadi C. Utafiti wa IMbrave150 ulichukua watu wa daraja A pekee, ambao ini lao bado linajimudu. Muulizeni pia kama atapimwa kwa kamera tumboni kwanza, kwani bevacizumab inaweza kumletea damu nyingi mwenye mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula. Akiwa na homa ya ini B, tenofovir, dawa ya kuzuia virusi hivyo, isikatwe hata siku moja wakati wa tiba. Mitishamba wekeni pembeni kabisa kipindi hiki.

Wewe na ndugu zako nendeni mkapime homa ya ini B wiki hii. Asiye nayo achanjwe, aliye nayo aanze kufuatiliwa. Majibu ya mzee yakitoka, yaweke hapa tuyasome pamoja.