Maswali ya Wasomaji: Nani Hufunga Bahari ya Marekani?

SWALI: Mhariri, mimi na shemeji yangu hatuelewani. Yeye anasema kule Marekani Democratic hufunga bahari isichimbwe mafuta, Republican huifungua, na ikifunguliwa petroli hushuka bei. Ni kweli? Na rais anapata wapi uwezo wa kuifunga?
Msomaji wenu wa siku nyingi

JIBU: Mwambie shemeji aanze na Florida. Januari 2018 serikali ya Donald Trump ilitangaza mpango wa kuwafungulia wachimbaji karibu pwani zote za nchi. Hazikupita siku nyingi, waziri husika, Ryan Zinke, akakutana na gavana Rick Scott, Mrepublican mwenzake, kisha akatangaza kwamba Florida imeondolewa. Septemba 2020, uchaguzi ukiwa mlangoni, Trump mwenyewe akasaini zuio la miaka 10 kwa bahari ya Florida, Georgia na South Carolina. Florida hula kwa watalii. Nani aombe kura kwenye ufuo unaonuka mafuta?

Sasa nenda Louisiana, ambako mitambo ya baharini ndiyo ajira. Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, ukaua wafanyakazi 11, na kisima kikatapika mafuta kwa siku 87. Barack Obama akasimamisha uchimbaji wa kina kirefu. Miongoni mwa waliomkalia kooni alikuwamo seneta wa chama chake, Mary Landrieu wa Louisiana: alikwamisha kwa wiki kadhaa uteuzi wa Jack Lew kuwa mkuu wa bajeti, ili kushinikiza visima virudi kazini. Kwa hiyo mimi, kabla ya kuuliza mtu ni wa chama gani, huuliza wapiga kura wake wanakula nini.

Kuhusu uwezo wa rais: kwa kawaida jimbo humiliki maili 3 za bahari (Texas, na Florida upande wa Ghuba ya Mexico, hufika 9), na zaidi ya hapo ni mali ya serikali kuu. Sheria ya 1953 inamruhusu rais kuyatenga, yasichimbwe, maeneo ambayo bado hayajakodishwa. Lakini haisemi kama rais anayefuata anaweza kuyarudisha, na ukimya huo umewalisha mawakili vizuri sana. Trump alipofuta zuio la Obama, mwaka 2019 jaji wa Alaska, Sharon Gleason, aliamua kwamba kufuta ni kazi ya Kongresi. Joe Biden alipoingia akalirudisha zuio hilo, na mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi ule bila kulijibu swali lenyewe. Januari 6, 2025 Biden akafunga ekari zaidi ya milioni 625. Tarehe 20, siku yake ya kwanza, Trump akaifuta amri hiyo.

Na bei? Julai 2008 pipa lilipita dola 147, na George W. Bush akaondoa zuio lililowekwa na baba yake mwaka 1990. Kufikia Desemba pipa lilikuwa chini ya dola 40. Shemeji asishangilie: katika maeneo yale yaliyofunguliwa hakikuwa kimechimbwa hata kisima kimoja. Bei iliangushwa na mtikisiko wa uchumi wa dunia. Kutoka leseni hadi pipa la kwanza baharini huchukua miaka, na mafuta hayo yakifika huuzwa kwa bei ya soko la dunia.