Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Ndogo Katika Safari za Pikipiki

SWALI

Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni karani wa vikundi vya wakulima wa korosho na nazi, nakaa Malindi mjini, na siku tatu kila wiki hupanda pikipiki yangu nikavuka daraja la Sabaki kwenda Marafa, Garashi na vijiji vya ndani ambako lami haijafika. Hubeba kompyuta ndogo ya kioo cha inchi 10, zile zilizokuwa zikiitwa netibuku, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika kwa sababu haina uzito na inaingia mkobani bila taabu. Nilikuwa nikiifunga kwenye karia kwa kamba za mpira. Mwezi uliopita ilianza kutoa mlio wa tiki-tiki, kisha ikakataa kuwaka, na hesabu za miezi miwili za vikundi vinne zikapotea nayo. Fundi ameniambia kuwa diski imekufa kwa mtikisiko. Zaidi ya hayo, niliungiwa inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kwenye betri ya pikipiki ili niweze kuchaji nikiwa kijijini, na mara mbili pikipiki imekataa kuwaka jioni nikitaka kurudi. Je, niiache kompyuta nirudie daftari, au iko namna ya kusafiri nayo kwa salama?

Karani, Malindi

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu karani, na pole kwa hasara hiyo, maana hesabu za watu si zako peke yako. Kabla sijaligusa swali lako nakuomba jambo moja: usiiwashe tena diski hiyo, wala usimruhusu mtu kuifungua ili achungulie ndani. Kila inapowashwa na kulia tiki-tiki huenda inazidi kujikwaruza, na kile ambacho leo kingeweza kuokolewa kesho hakitakuwapo. Itoe, uifunge katika kitambaa kikavu, kisha umtafute fundi anayefanya kazi ya kuokoa data hasa, awe Mombasa au Nairobi, umwambie wazi kwamba haijafunguliwa na mtu.

Sasa nikujibu. Usiiache kompyuta. Kilichokuponza si pikipiki, ni karia pamoja na aina ya diski iliyokuwamo ndani, na yote mawili yanarekebishika.

Netibuku za mwanzo kabisa, kama Asus Eee PC iliyotoka mwaka 2007 ikiwa na kioo cha inchi 7, hazikuwa na diski ya kuzunguka. Zilihifadhi kazi katika chipu za kumbukumbu, na ile ya kwanza ilikuwa na gigabaiti 4 tu. Wanunuzi walipodai nafasi zaidi, watengenezaji wengi wakatia diski za kawaida za gigabaiti 160 na kuendelea, na kwa hatua hiyo wakaiondoa sifa ambayo msafiri wa pikipiki aliihitaji kuliko zote. Ndani ya diski ya namna hiyo mna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa utando wa hewa ambao ni mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Kishindo kikija wakati sahani inazunguka, kichwa hugonga, na pale kilipogonga hesabu za watu huwa zimefutika. Kompyuta ikizimwa kabisa, vichwa huondoka juu ya sahani na kuegeshwa pembeni, na hapo diski huweza kustahimili kishindo kikubwa mara mbili au zaidi ya kile inachokistahimili ikiwa kazini.

Kwa hiyo nakuuliza: ulikuwa ukiizima kweli, au ulikuwa ukifunga kifuniko tu na kuondoka? Wengi wetu hufunga kifuniko. Kompyuta iliyolazwa hivyo huweza kuamka yenyewe kifuniko kikichezacheza mkobani, diski ikaanza kuzunguka katikati ya njia ya vumbi, na joto likajaa ndani ya mkoba usio na upenyo. Izime kabisa, usubiri taa zote zife, ndipo uitie mkobani. Dakika moja hiyo haikucheleweshi.

Dawa ya kudumu ni kumwambia fundi akutilie diski isiyo na kitu kinachozunguka, ile inayoitwa esesidi. Netibuku nyingi za inchi 10 zilikuwa na nafasi ya diski ya inchi 2.5 ya kawaida, na esesidi ya ukubwa huo huingia pale pale. Ikiwa nyembamba kuliko ya zamani, fundi huijazia kipande cha plastiki ili isicheze. Gigabaiti 120 zinatosha hesabu za vikundi vyako kwa miaka mingi. Baada ya hapo hatari zote za mtikisiko haziishi, kwa maana skrubu hulegea na kipande cha kumbukumbu (RAM) kilichochomekwa huweza kutoka katika kiti chake, lakini hayo ni mambo ya kukazwa kwa bisibisi, si ya kuombolezewa.

Kuhusu namna ya kuibeba, rai yangu ni thabiti: ivae. Karia imefungwa kwa nati kwenye chuma cha pikipiki, tena juu ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo kila shimo hurushwa mara mbili, kwanza kwenda juu na kisha kushuka kwa pigo. Wewe umekaa juu ya sponji ya kiti, una magoti na kiuno, na mwili wako unameza sehemu kubwa ya pigo hilo kabla halijafika mabegani. Mimi mwenyewe niliwahi kuifunga karatasi ya alumini yenye mayai mawili ya kuchemsha kwenye karia na mengine mawili nikayaweka katika mkoba wa mgongoni, kutoka mjini hadi ng'ambo ya Sabaki. Nilipofika, ya karia yalikuwa yamepondeka na ya mgongoni yalikuwa mazima. Mkoba uwe na mikanda miwili na mkanda wa kifuani, usining'inie. Kompyuta isimame kwa ubavu katika ala ya sponji, na sponji nene zaidi iwe upande wa mgongo wako, kwa sababu ukianguka, kitu kigumu kilichobanwa juu ya uti wa mgongo kitakuumiza wewe kabla hakijaumia chenyewe. Chaja usiiweke juu ya kifuniko cha kompyuta. Tofali lile dogo likibanwa na kifua cha abiria wako hupasua kioo bila wewe kusikia. Ikiwa kompyuta ni ya abiria na si ya mwendeshaji, abiria aupakate mkoba kati yake na mwendeshaji.

Nafika kwenye inveta, ambayo naomba uiondoe. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme betri ya pikipiki yako ni ya volti 12 na ampea-saa 5, kama zilivyo pikipiki nyingi za kazi. Hiyo ni akiba ya wati-saa 60, na betri ya asidi haifai kuteremshwa chini ya nusu, kwa hiyo unazo wati-saa 30 za kutumia. Chaja nyingi za netibuku za inchi 10 hutoa volti 19 kwa ampea 2.1, ambazo ni kama wati 40. Lakini inveta inaupandisha umeme wa volti 12 hadi 240, kisha chaja inaushusha tena hadi 19, na kila mgeuko una ushuru wake. Kwa wati 40 zinazofika kwenye kompyuta, betri huenda inatoa 50. Nusu saa na dakika chache tu, ukiwa umezima injini na kukaa chini ya mwembe na wanakikundi, umeshaivuka ile nusu. Si ajabu pikipiki ilikukatalia.

Ikiwa lazima uchaji kutoka kwa pikipiki, tafuta chaja ya gari inayopandisha volti 12 moja kwa moja hadi 19, waya wake utiwe fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na ncha chanya ya betri, upitishwe mbali na ekzosi na mbali na shingo ya usukani ambako hukunjwa na kukunjuliwa siku nzima, na uitumie injini ikiwa inanguruma tu. Hata hivyo mimi nisingehangaika na waya. Netibuku za zamani zina betri ya kuchomoa, na kompyuta ya aina hiyo, ukipunguza mwanga wa kioo, hula kati ya wati 8 na 15 tu. Betri ya pili iliyojazwa usiku nyumbani itakumalizia siku. Kwa wenye kompyuta mpya zinazochajiwa kwa plagi ndogo ya yuesibii-si, powabanki ya miliampea-saa 20,000 yenye uwezo wa kutoa volti za kompyuta hutosha. Ile ya kawaida ya simu, inayotoa volti 5, haitafaa.

Yapo mawili ya pwani ambayo mafundi wa bara huyasahau. La kwanza ni kiyoyozi. Ukitoka katika ofisi iliyopoa sana mjini ukaifungua kompyuta nje katika hewa yetu nzito, unyevu hugandama juu ya vyuma baridi, nje na ndani, kama jasho juu ya gilasi ya maji ya barafu. Iache mkobani nusu saa ipate joto la nje kabla ya kuiwasha. La pili ni chumvi pamoja na vumbi, hasa ukipita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi: hukaa katika feni na matundu ya plagi, na brashi laini kila mwisho wa wiki ni kinga ya kutosha.

Mwisho, hesabu zenyewe. Kila jioni nakili kazi ya siku katika fleshi, na fleshi hiyo isikae katika mkoba mmoja na kompyuta; iweke mfukoni mwako. Daftari usilitupe, wanakikundi waendelee kutia sahihi humo. Na kwa kuwa unabeba majina, namba za vitambulisho na fedha za watu, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde, kwa hiyo tia nenosiri na umwambie fundi aifunge diski nzima kwa usimbaji fiche, yaani data isisomeke bila nenosiri. Ikiwa kompyuta yako bado inatumia Windows XP, iliyoachwa bila marekebisho ya usalama tangu mwaka 2014, usiiunganishe na intaneti kabisa hadi programu hiyo ibadilishwe.

SWALI

Mimi ni mwalimu, hutoka Hindi kwa bodaboda hadi Mokowe, kisha nikapanda boti kwenda Lamu mjini. Juzi wimbi lilirukia ndani ya boti na kompyuta yangu ndogo ikaloa maji ya bahari. Wenzangu wanasema niifukie katika mchele. Ni kweli?

Mwalimu, Hindi

JIBU

Mchele, mwalimu, hunyonya unyevu kidogo, lakini haunyonyi chumvi, na unga wake huingia katika matundu. Adui wako ni chumvi, ambayo hubaki baada ya maji kukauka na kuendelea kuila shaba ya ndani. Usiiwashe hata kwa kujaribu. Toa betri mara moja, umpelekee fundi siku hiyo hiyo, na akishatenga kioo na diski ausuuze ubao wa umeme kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari, ahakikishe si asidi, kisha aukaushe kwa feni kivulini kwa siku mbili.

Safari nyingine, iweke katika chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana na mpira, kama cha kuwekea chakula, ukipakate badala ya kukiacha sakafuni mwa boti. Betri iliyoingia maji ya bahari usiichaji tena hata ikionekana nzima. Betri za lithiamu zilizoliwa na chumvi huweza kushika moto baada ya siku kadhaa. Iweke nje ya nyumba, juu ya saruji, mbali na makuti, hadi utakapoikabidhi kwa wanaopokea taka za umeme.