Muulize Fundi: Escort iliyoshushwa na mkia unaoponyoka kona za kushoto

Shikamoo Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Leicester, Uingereza. Nina Ford Escort Mk1 ya mwaka 1972 ninayoshindana nayo kwenye mbio za magari ya zamani, hasa kwenye uwanja wa Mallory Park kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Niliishusha nyuma milimita 60 kwa kuweka bloku za alumini kati ya springi na ekseli. Aliyeniuzia alikuwa ameshafunga fimbo ya Panhard: kushoto imeshikwa kwenye ekseli, kulia kwenye bodi. Gari linatulia vizuri sana kwenye Gerards, ile kona ndefu ya kulia. Nikifika Devil's Elbow, ambayo ni ya kushoto, mkia unanyanyuka na kuponyoka bila kuonya. Tena nikikanyaga mafuta kutoka Hairpin, ile kona kali kabisa, nyuma inadundadunda mpaka meno yanagongana. Nimebadilisha shokapu, nimeweka springi ngumu zaidi, nimeongeza na kupunguza upepo wa matairi. Wenzangu wananiambia ning'oe kila kitu nifunge mikono ya Watt, mfumo mwingine wa kuizuia ekseli isihame pembeni. Gharama yake si ndogo. Unanishaurije?
Msomaji, Leicester

Marahaba, mwanangu. Pesa zako ziache mfukoni kwanza. Nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe, maana gari linalokubali kona za kulia na kukataa za kushoto haliumwi springi wala shokapu. Vitu hivyo viko viwili viwili, kushoto na kulia sawa. Huko nyuma kitu kisicholingana pande mbili ni kimoja tu, nacho ni hiyo fimbo.

Kazi ya fimbo ya Panhard ni kuizuia ekseli isihame kwenda kushoto wala kulia chini ya bodi. Aliyeifunga bila shaka aliilaza sawasawa kwa kimo cha gari cha wakati ule. Ulipoishusha bodi, ncha ya kulia ilishuka pamoja nayo. Ncha ya kushoto haikwenda popote, kwa sababu kimo cha ekseli kinaamuliwa na tairi. Kwa hiyo leo fimbo yako imeinama, upande wa bodi uko chini.

Sasa ingia Devil's Elbow. Matairi yanaivuta ekseli kuelekea ndani ya kona, kushoto, na ekseli inaivuta bodi kupitia fimbo. Kwa kuwa ncha ya bodi iko chini ya ncha ya ekseli, mvuto huo hauendi kushoto peke yake, unakwenda kushoto na juu. Bodi inanyanyuliwa, ndicho unachokihisi kwenye kiti. Kwenye Gerards fimbo inasukuma badala ya kuvuta, na msukumo unakwenda kulia na chini. Bodi inakandamizwa, nawe unasema gari limetulia.

Hukunitajia urefu wa fimbo, kwa hiyo nachukua milimita 900. Mwinamo wa 60 kwa 900 ni sehemu moja ya kumi na tano. Tuseme nyuma ya gari ina uzito wa kilo 400 na kona inaipa nguvu ya pembeni inayolingana na uzito huohuo. Sehemu moja ya kumi na tano ya 400 ni karibu kilo 27. Kushoto unanyanyuliwa kwa kilo 27, kulia unakandamizwa kwa kilo 27. Tofauti inapita kilo 50 baina ya kona mbili za gari hilohilo, na hakuna shokapu dukani itakayoifuta.

Kuna na jambo la pili. Ncha ya fimbo inachora duara. Fimbo ya milimita 900 iliyolala sawasawa, tairi zikipanda milimita 50, inaihamisha ekseli pembeni chini ya milimita moja na nusu. Fimbo hiyohiyo ikianzia kwenye mwinamo wako wa 60, milimita 50 zilezile zinaihamisha ekseli karibu milimita 5. Kila tuta la lami likipita chini ya ekseli, nyuma ya gari inasukumwa pembeni kidogo bila wewe kugusa usukani.

Dawa ni kuilaza fimbo upya. Lakini hapa wengi huenda mbio, nakuomba usome polepole. Kuna njia mbili: kupandisha ncha ya bodi milimita 60, au kushusha ncha ya ekseli milimita 60. Kwa macho zote zinaleta fimbo iliyolala. Kwa gari si kitu kimoja. Mahali fimbo inapokata mstari wa katikati ya gari ndipo kilipo kitovu ambacho bodi inakizunguka inapolala upande kwenye kona. Ukikipandisha kitovu hicho nyuma, uzito mwingi zaidi unahamia tairi la nje la nyuma, na mkia unakuwa mwepesi kuponyoka. Ukikishusha, nyuma inatulia. Wewe unalalamika mkia, basi shusha ncha ya ekseli.

Sababu nyingine ya kushusha iko mbele. Escort ina stratu za MacPherson (shokapu na springi katika nguzo moja, na mkono mmoja chini yake), na bila shaka mbele nako umeshusha. Ile mikono ya chini ikianza kuelekea juu upande wa tairi, kitovu cha mbele kinashuka kwa kasi kuliko bodi yenyewe. Ukiacha cha nyuma kiko juu huku cha mbele kimezama, gari linakuwa na tabia mbili zinazogombana. Chungulia mikono hiyo kabla hujalaumu nyuma peke yake.

Kiti cha fimbo upande wa ekseli kitengeneze kwa bamba la chuma la milimita 5, chenye mbavu, na utoboe matundu matatu au manne yaliyoachana milimita 20. Upande wa bodi fanya vivyo hivyo, na nyuma yake weka bamba pana la kuimarisha, kwa maana bati la gari lenye umri wa miaka hamsini na zaidi litachanika. Baada ya hapo utaweza kuipandisha na kuishusha fimbo nzima ikiwa imelala, tundu kwa tundu, na kulipima gari uwanjani. Hakikisha fimbo haigusi kifuniko cha difu, na tairi likipasuka isiwe ndiyo ya kwanza kulima lami. Uchomeaji ufanywe ekseli ikiwa imetolewa garini, vipande vifupi, upande huu kisha upande ule, huku ikiachwa ipoe. Bomba la ekseli likipata joto upande mmoja linapinda, na ekseli iliyopinda hula bearingi.

Tuje kwenye kule kudunda. Escort inashikwa nyuma na springi za vyuma bapa vilivyopangwa: mbele zimefungwa kwa bolti na bushi, nyuma zinabembea kwenye sheko, kiungo kifupi kinachoyumba. Springi hizo zinabeba uzito na papo hapo zinazuia ekseli isijizungushe. Ukikanyaga mafuta, pua ya difu inapanda, springi inajikunja kama herufi S, tairi linaachia, springi inajifyatua, tairi linakamata tena. Huo ndio mdundo wako. Springi ngumu zaidi inabadilisha kasi ya mdundo tu. Kinachotakiwa ni mkono mmoja kila upande, kutoka juu ya ekseli kwenda mbele kwenye bodi, sambamba na nusu ya mbele ya springi na urefu unaokaribiana nayo. Ukiwa mfupi mno au umeelekea kwingine, utagombana na springi kila tairi linapopanda.

Bloku mimi sizipendi kwenye gari la mbio. Zinadai yubolti ndefu (zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli), na yubolti ndefu hulegea. Pia zinashusha gari bila kubadilisha umbo la springi. Kama springi yako bado ina upinde, jicho la mbele liko juu kuliko katikati yake, na bodi ikilala, upande wa nje ekseli inarudi nyuma na wa ndani inakwenda mbele. Ekseli nzima inapiga usukani kuelekea nje ya kona, mkia unafuata. Springi iliyonyooshwa ikawa karibu bapa inashusha gari na kuondoa sehemu kubwa ya tabia hiyo kwa mkupuo mmoja. Pesa za mikono ya Watt anza kuzitumia hapa. Angalia sheko tu, kwani springi ikinyooka inarefuka na sheko inalala nyuma, isigonge sakafu.

Usiniamini kwa maneno. Lipandishe gari kwenye stendi, bodi isawazishwe kwa kimo cha mbio. Fungua shokapu, toa majani yote ya springi, yaani vile vyuma bapa, ubakize lile la juu lenye macho. Ning'iniza timazi kila ncha ya ekseli, weka alama ya chaki sakafuni. Kisha kwa jeki pandisha tairi la kulia milimita 40 na shusha la kushoto 40, weka alama tena. Chaki itakuonyesha ekseli imekwenda mbele, nyuma au pembeni, na kwa kiasi gani. Mkono ukigoma au bushi ikijikunja, utaiona palepale kabla haijakuaibisha uwanjani. Siku ya mbio funga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu: ukiikuta imesukumwa mpaka mwisho, gari linakalia mpira wa kizuizi katikati ya kona, na hapo kimo chenyewe kimezidi.

Mikono ya Watt ni mizuri, sibishi. James Watt alibuni mpango ule mwaka 1784 kwa mashine ya mvuke, na unaiongoza ekseli juu na chini karibu kwa mstari mnyoofu, kushoto na kulia sawa. Lakini kama gari lako lina pasi ya kiufundi ya magari ya kihistoria ya FIA, shirikisho la magari la kimataifa, hakikisha kwanza karatasi zake zinaruhusu. Na ukifunga Watt juu ya springi zenye upinde na bloku, mdundo wa Hairpin utabaki.

Sisi wa pwani na bara tunaijua Escort. Mikkola na Palm walishinda mbio za Safari nayo mwaka 1972, Waldegård na Thorszelius mwaka 1977. Yale yalisimama juu kwa ajili ya mawe na matope. Likishushwa kwa ajili ya lami, kila mkono upangwe upya.

Fundi, nina Datsun 1600 SSS nimeishusha kwa mbio za kupanda mlima kwenye lami. Matairi ya nyuma yanaisha upande wa ndani. Niweke springi ngumu?
Msomaji, Nairobi

Hapana, ndugu yangu. Datsun hiyo, ndugu ya zile zilizoshinda Safari ya 1970 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, haina ekseli ya kipande kimoja. Kila tairi lina mkono wake unaozunguka kwenye mhimili uliokaa mshazari, kwa hiyo ukishusha bodi lazima kichwa cha tairi kilale ndani. Hata muelekeo wa tairi, yaani linatazama ndani au nje kiasi gani, unabadilika. Kata matundu ya mviringo mrefu kwenye boriti iliyokingama mahali mikono inaposhikwa, uweke washa za kurekebishia pande zote mbili, ili kila tundu liweze kuhamishwa. Badilisha bushi zilizochoka kabla ya kupima, la sivyo unapima ulegevu. Kisha vuta uzi pande zote mbili za gari, ukiwa na mtu wa uzito wako kwenye kiti. Mimi ningeacha tairi zilale ndani nyuzi 2, zisizidi, na kingo za mbele za tairi hizo za nyuma zikaribiane milimita 1 kila upande. Kushoto na kulia zikipishana, rudi kwenye matundu kabla ya kwenda mlimani.