Kuandaa pikapu kuvuta trela la kukodi

Ndugu, umeeleza kwamba pikapu yako ina ndoano lakini haijawahi kuvuta kitu, na wiki ijayo utakodi trela la kuhamishia vyombo. Ndoano peke yake haitoshi. Soma kwenye kitabu cha gari uzito ambao linaruhusiwa kuvuta, ujumlishe trela pamoja na mzigo wake, na ukumbuke kuwa kiwango kilicho kidogo zaidi, kiwe cha gari, cha ndoano au cha trela, ndicho cha kufuatwa. Waulize wakodishaji kipimo cha tufe la ndoano, kwa maana likiwa dogo kidogo tu kuliko kikombe cha trela kinachokaa juu yake, trela linaweza kuchomoka barabarani.

Minyororo ya usalama inayofunga trela kwenye gari, ipishanishe chini ya shingo ya trela, yaani sehemu ya mbele inayofika kwenye ndoano. Jaza tairi upepo, jaribu taa zote.

Kinachonitia hofu zaidi ni upakiaji. Takriban asilimia 60 ya mzigo iwe mbele ya ekseli (mhimili wa magurudumu ya trela), kwani nilipowahi kuelemeza nyuma, niliona kwenye kioo trela likiyumba huku usukani ukinitetemeka mikononi. Likiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, wala usikanyage breki kwa ghafla.

Trela likiwa na breki za umeme, tafadhali mwachie fundi umeme wa magari kazi ya kuunganisha nyaya.