Darasa la kompyuta wakati wa giza

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: “Mwalimu ana nafasi gani katika kuyafanya masomo na teknolojia yawe na maana katika maisha ya mwanafunzi?” Mimi ni mwalimu wa hisabati katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja, na ni miongoni mwa walimu waliokabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, kwa hiyo ningeweza kukujibuni kwa kueleza ninavyovitumia. Swali lenu, hata hivyo, limenirudisha mbali zaidi, katika darasa la kompyuta ambalo halikuwa na kompyuta hata moja.

Waliokuwepo hawahitaji kukumbushwa giza lile. Umeme wa Unguja ulikatika tarehe 10 Disemba 2009, kwa hitilafu ya njia inayouleta kutoka Bara kupitia chini ya bahari, na haukurudi hadi Machi 2010. Mimi nilikuwa naingia kidato cha pili katika kijiji kilichopo baina ya Paje na Makunduchi. Skuli yetu ilikuwa imepata kompyuta kumi za wafadhili, zimewekwa katika chumba chenye nondo madirishani na kufunikwa vitambaa kama maharusi. Ratiba ya Januari ilisema kipindi cha kompyuta ni Jumanne na Alkhamisi, na ratiba haikujua kuwa umeme hakuna.

Mwalimu wetu, kijana wa Kipemba mwenye sauti ndogo, hakukifuta kipindi. Aliuliza ni nani ambaye mama yake analima mwani, na karibu sote tukanyoosha mikono, kwa kuwa kilimo hicho kilianza pwani yetu tangu 1989 na kina mama ndio walio wengi humo. Akatutuma tukaulize nyumbani: una kamba ngapi za kufungia mwani, na kila kamba inatoa kilo ngapi za mwani mkavu. Alkhamisi tuliporudi tulikuta madawati yamepangwa safu tano, kila safu watu sita kutoka mbele kwenda nyuma. Kila mmoja wetu alikuwa kisanduku na alipewa jina lake. Safu A ilishika majina ya kina mama, B idadi ya kamba, C kilo za kila kamba, D ilizidisha B kwa C, na E ilizidisha D kwa bei, ambayo mwalimu aliiandika pembeni mwa ubao, akaizungushia duara na kusema kwamba hiyo haihami. Mstari wa nyuma kabisa ulikuwa wa jumla. Waliokosa kiti waliitwa waya, na kazi yao ilikuwa kukimbiza vikaratasi.

Mimi nilikuwa D4, yaani wa nne katika safu ya D. Sikutakiwa kujua lolote isipokuwa nilichopewa na B4 na C4. B4 alikuwa na kamba 40, C4 alikuwa na kilo 2, nami nikaandika 80 na kutulia. Ndipo mwalimu alipokwenda kwa B4, akaifuta 40 na kuandika 30, akisema kamba kumi zimechukuliwa na mawimbi. Hakuniambia kitu. Ilinichukua muda kufahamu kwamba 80 yangu imeshakuwa uongo, nikaandika 60, waya akaondoka nayo mbio, E4 akafuta yake, na nyuma kabisa yule wa jumla akalalamika kwamba hapewi nafasi ya kupumua. Baadaye mwalimu aliugeukia ubao na kuteremsha bei. Safu yote ya E iliinuka kwa pamoja na kelele ikazuka, kwa sababu kila mtoto pale alishamsikia mama yake akizungumza habari za mnunuzi aliyeshusha bei, lakini hakuna aliyewahi kuona namna tarakimu moja ubaoni inavyoingia katika nyumba tano kwa wakati mmoja.

Tulifanya hivyo kwa wiki kadhaa. Tuliandika hata saa za maji kupwa, tukaona kwamba kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Umeme uliporudi na chumba kikafunguliwa, niliiona programu ya Excel, ile ya kufanyia hesabu ndani ya visanduku, nikaitambua papo hapo: kumbe ni sisi. Kipanya ndicho nilichoshindwa kukishika.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuishia hapo, na kusema kwamba mwalimu ndiye kila kitu na mashine ni pambo. Sasa nakumbuka mengine. Mmoja wa wale waya alimuuliza mwalimu, “Na sisi ambao kwetu hakuna mwani?” Mwalimu akamwambia ahesabu madema ya baba yake. Yule mwenzetu akajibu kwamba hataki madema, anataka kujua picha zinaingiaje ndani ya kompyuta, na kengele ikalia kabla hajajibiwa. Siku hizi anatengeneza simu Darajani, na nilipomkumbusha habari hii alisema kwamba yeye darasa lile analikumbukia mbio tu. Mama yangu naye, nilipomwonyesha hesabu zangu kwa furaha, aliniambia, “Mwani naujua mimi, mwanangu. Wewe kanisomee nisichokijua.”

Na mwani wenyewe haukusubiri. Ule mnene, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyozidi kuwa na joto, na kuufuata kwenye kina kirefu kunataka chombo na kujua kuogelea, mambo ambayo wengi wa mama zetu hawakuyapata. Mama ameacha. Maisha ambayo mwalimu alilifungamanisha nayo somo lake, kwetu sasa ni habari ya zamani.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo silo nililolikusudia, ni kwamba mwalimu anayetafuta maana ya somo katika maisha ya mwanafunzi tu anaweza kumfungia humo humo, na ya kwamba yule waya alistahili kujibiwa kuhusu picha hata kama hazikumhusu mtu yeyote kijijini. Sisemi kwamba mwalimu wetu alikosea. Hakuwa na umeme, na bila ya yeye nisingekuwa mwalimu wa hisabati. Pengine ningeridhika kama angetumia wiki mbili kwa mwani na zilizobaki kwa mambo yasiyotuhusu kabisa.

Jumanne ijayo nitapanga madawati safu tano. Safu ya A nitaiacha wazi waandike wenyewe wanachotaka kuhesabu, nami nawajua, wengi wataandika mabao ya mpira. Vishikwambi tutavifungua Alkhamisi, kama vitakuwa na chaji.