Barua kwa mwanangu: rekodi mbili zikipingana, tuamini ipi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema programu ya ukaguzi imetoa taarifa kwamba rekodi za bloku, yaani vipande vya diski vyenye ukubwa sawa, katika seva unayoitunza, inayotumia mfumo wa mafaili wa XFS, hazipatani, ilhali kila bloku ya metadata (habari kuhusu mafaili, si yaliyomo ndani yake) ina cheksamu yake, yaani namba ya uhakiki inayokokotolewa kutoka kwa baiti zake, na zote zimesomeka bila kosa. Umeniuliza mambo mawili: ikiwa cheksamu zote ni sahihi, ukaguzi unalinganisha rekodi ili kutafuta nini zaidi, na rekodi mbili zikipingana, tuamini ipi.

Cheksamu inathibitisha jambo moja tu, kwamba baiti zilizosomwa leo ndizo zilizoandikwa siku ile. Haina habari kama kilichoandikwa kilikuwa kweli. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, yenye kasoro ikikosea kukokotoa namba ya bloku, au biti moja ikigeuka kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla cheksamu haijapigwa, kosa hilo hutiwa muhuri halali na kulala diskini miaka na miaka bila kushukiwa. Hati iliyogongwa muhuri haijawa ya kweli kwa sababu ya muhuri. Ili kuijua kweli unahitaji shahidi wa pili, aliyeandika habari ile ile akiwa amesimama upande mwingine.

Katika mfumo wako mashahidi hao wapo. Wa kwanza ni ainodi ya faili, yaani rekodi inayolieleza faili hilo, inayosema: mimi ni faili fulani, na bloku zangu ziko mahali fulani. Wa pili ni mti wa rekodi za kinyume, yaani orodha iliyopangwa kwa matawi ili itafutike haraka, ulioingia kwenye XFS kupitia kerneli ya Linux 4.8 mwaka 2016. Huo huanza na bloku yenyewe: kuanzia hapa, kwa urefu huu, mwenye mali ni ainodi hii, na sehemu hii ya faili ndiyo iliyowekwa hapa. Rekodi moja ya kinyume ina baiti 24 tu, lakini bila hizo baiti 24 swali dogo kabisa, yaani bloku hii ni ya nani, lingekulazimu upekue ainodi zote za diski moja baada ya nyingine.

Hivyo ndivyo tulivyofanya zamani, na kwa mifumo mingi bado ndivyo inavyofanyika. Programu ya fsck hupitia ainodi zote, hujijengea ramani yake kwenye kumbukumbu, kisha huilinganisha na ramani ya bloku zilizo huru iliyoandikwa diskini. Ni kazi nzuri, ila hudai mfumo usimamishwe, na hurefuka kadiri mafaili yanavyoongezeka. Kwa kuwa rekodi za kinyume zimekwisha kuandikwa, xfs_scrub, programu ya ukaguzi ya XFS, inaweza kukagua kanda baada ya kanda huku watu wakiendelea na kazi zao. Gharama yake ni kwamba kila bloku inapogawiwa au kurudishwa, mti huo nao lazima usasishwe; kwa maoni yangu ni gharama halali.

Tuchukue mfano wenye namba. Ainodi 133 inasema faili lake linaanzia bloku 2048 na lina urefu wa bloku 16, yaani linaishia 2063. Ainodi 140 nayo inasema lake linaanzia 2060 kwa urefu wa bloku 8. Bloku nne, kuanzia 2060 hadi 2063, zina wenyewe wawili. Usikimbilie kuita jambo hilo uharibifu, kwa maana tangu kerneli 4.9 XFS inaruhusu mafaili mawili kushiriki bloku, mradi mti wa hesabu za washiriki useme kwamba bloku hizo zina wenyewe wawili. Uulize mti huo kwanza. Tuseme umenyamaza, na rekodi za kinyume zinasema hivi: bloku 2048, urefu 12, mwenyewe 133; kisha bloku 2060, urefu 8, mwenyewe 140. Sasa ndipo penye ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya urefu wa faili la ainodi 133: ni bloku 16 au 12?

Hapa ndipo wengi hukosea, mwanangu. Ulinganisho hugundua kwamba mmoja wa mashahidi amekosea. Haukuambii ni nani. Rekodi ya kinyume haina heshima zaidi kwa sababu ni ngeni, wala ainodi haina heshima zaidi kwa sababu ni ya asili. Unatafuta shahidi wa tatu. Ainodi hiyo hiyo ina uga wa hesabu ya bloku zake, na uga mwingine wa ukubwa wa faili kwa baiti. Ikiwa hesabu inasema 12, na ukubwa ni baiti 47,900, ambazo kwa bloku za baiti 4,096 zinahitaji bloku 12, basi rekodi ya urefu wa 16 imebaki peke yake. Ukubwa pekee usingetosha, kwa kuwa faili linaweza kutengewa bloku za akiba kupita mwisho wake, lakini ukipatana na hesabu ya bloku na rekodi za kinyume una msingi wa kuamua.

Angalia pia miti miwili ya nafasi huru, mmoja uliopangwa kwa namba ya bloku na mwingine kwa ukubwa wa nafasi. Bloku isiyo na mwenyewe na isiyoorodheshwa kuwa huru ni nafasi iliyopotea tu, inaweza kusubiri. Bloku yenye mwenyewe na ambayo bado imeorodheshwa kuwa huru ni hatari ya saa hii hii, kwa sababu mwandikaji ajaye atapewa hiyo na data ya mtu itafutwa. Ukiona ya namna hiyo, simamisha uandishi kabla ya kuendelea kusoma taarifa.

Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba rekodi za kinyume zikiharibika, hujengwa upya kwa kupitia ainodi zote. Zikijengwa hivyo, zimekuwa nakala ya kauli ya ainodi. Zitapatana nayo hata kama ainodi ndiyo iliyokosea. Kwa hiyo usiruhusu upande wowote ujengwe upya kabla hujaamua upande upi ni mzima, kwani ushahidi ukishafutwa haurudi.

Nasema hivi kwa uchungu. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, mafaili mawili kwenye mfumo wa mafaili wa ext yalidai bloku zile zile. Programu ya e2fsck ilipendekeza kila faili lipewe nakala yake ya bloku hizo, nami nikakubali maswali yote mfululizo. Ukaguzi uliofuata ulikuja safi kabisa, lakini faili moja lilikuwa na kurasa za jingine katikati yake, na kwa kuwa metadata ilikuwa imepatana, hakuna programu iliyoweza kutuonyesha lilipokosewa. Tulilazimika kulinganisha na nakala rudufu, faili kwa faili, na lile lililokosekana kwenye nakala halikupatikana tena.

Basi, kabla ya lolote, toa mfumo huo kwenye matumizi, chukua nakala ya diski nzima, bloku kwa bloku, kisha endesha xfs_repair, programu ya ukarabati ya XFS, pamoja na chaguo la -n, ambalo husoma na kutoa taarifa bila kubadilisha chochote. Halafu nitumie rekodi mbili zinazopingana pamoja na hesabu ya bloku na ukubwa wa faili husika, tuzipitie pamoja kabla hujaruhusu ukarabati.

Wako akupendaye,
Mama